Kayamba Lisilolia

Jumapili, tarehe kumi na tisa, mwezi wa tano. Alfajiri mawingu yalikuwa mazito lakini hayakushusha hata tone, na kulikuwa na upepo mdogo wa kuchezea tu. Jua lilichungulia saa nne.

Upepo huo mdogo ndio uliomwamsha Mzee Pamba. Kwenye paa la jirani kulikuwa na bati moja lililopungukiwa msumari, na kila upepo ulipopita bati lile liliinuka kidogo, kisha likarudi mahali pake. Ta. Halafu kimya. Halafu ta. Jirani mwenyewe na watoto wake watano walikuwa wamelala fofofo chini ya bati hilohilo. Mzee Pamba, nyumba ya pili, ukuta wa pili, mto mmoja chini ya kichwa na mwingine juu ya kichwa, alilihesabu.

Alijua hata ni msumari gani. Wa tatu kutoka ukingoni, upande wa mtaro. Alikuwa fundi bati kwa miaka thelathini na moja, na bati halikuwa na siri kwake. Kazi ya dakika mbili: ngazi, msumari, nyundo. Ila hapo kwenye nyundo ndipo mambo yalipogomea.

Aliamka akavaa pamba zake, ndivyo alivyosema mwenyewe, kama mtu anavyosema amevaa viatu. Kipande cha sikio la kulia kilikuwa kikubwa kuliko cha kushoto kwa sababu sikio la kulia ndilo lililokuwa limechachamaa zaidi. Alivisokota kwa vidole viwili, akavipaka mafuta ya nta kidogo, akavisukuma ndani mpaka dunia ikarudi nyuma hatua kumi.

Chumba chake kilipangwa kwa hesabu ya masikio. Miguu ya kiti na ya meza ilivishwa vipande vya mpira wa baiskeli. Vijiko vilikuwa vya mbao, vikombe vya plastiki. Bawaba za mlango alizipaka mafuta kila Ijumaa, na mahali komeo linapogonga alibandika kitambaa. Saa ya ukutani aliifunika blanketi kwanza, baadaye akaona haitoshi, akaitoa betri. Tangu hapo alisoma saa kwa mstari wa jua sakafuni, na siku za mawingu kama hiyo alikisia. Redio alimpa mtu. Mkewe alikuwa ameshafariki miaka minne nyuma, kabla ya haya yote, na wakati mwingine Mzee Pamba aliona afadhali iwe hivyo, kwa maana mama yule alikuwa na kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Akifikiri hivyo alijiona mtu mbaya sana.

Jumapili hiyo bintiye alikuwa anakuja na mtoto. Alikuwa amemwambia wiki mbili kabla, amesimama palepale mlangoni: "Baba, nitamleta mara moja tena. Ukishindwa kumpakata safari hii, basi. Sitamleta tena kukutesa, wala na mimi sitaendelea kuteseka."

Mtoto alikuwa wa kike, wa miezi minne na wiki tatu, mjukuu wake wa kwanza na wa pekee. Mzee Pamba alikuwa amempakata mara moja tu maishani, mtoto akiwa na siku tisa, kwa muda usiofika dakika mbili.

Jina la Mzee Pamba alipewa mahali pake pa kazi, safu ya vibanda kumi na kimoja vya mafundi bati nyuma ya soko. Hapo ndipo yalipotengenezwa masanduku ya wanafunzi, ndoo, makarai, faneli na makopo ya kumwagilia bustani, na kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja nyundo zilikuwa hazipumziki. Mtu mgeni akipita pale alikunja uso. Wao wenyewe walizungumza humohumo, wakacheka humohumo, na mwingine akiwa hana kazi alilala usingizi wa mchana kichwa kimeegemea fuawe la mwenzake, lile chuma la kugongea bati.

Yeye wakati huo aliitwa Mzee Mshono, kwa sababu mshono wake wa lehemu ulikuwa haupitishi hata jasho. Halafu siku moja akaletewa pipa kuukuu alikate liwe makarai mawili. Aliamini ni tupu. Lilikuwa limefungwa kizibo, na ndani kulikuwa na mvuke wa kitu ambacho hakuna aliyekijua. Alipoligusa kwa chuma cha moto lilipasuka. Halikumkata wala kumchoma. Watu walimshika mikono, wakampapasa kifua, wakasema Mungu mkubwa, huyu hana hata mkwaruzo.

Wiki ya kwanza hakusikia vizuri, na hilo kila mtu alilielewa. Wiki ya tatu usikivu ulirudi, lakini ulirudi na hasira. Kijiko ndani ya kikombe kilikuwa kisu. Mfuko wa plastiki ukikunjwa ulikuwa moto wa makuti. Honi ya pikipiki ilimwingia sikio la kulia kama waya mwekundu ukatokea la kushoto, na maumivu yalibaki mpaka kesho yake, pamoja na mlio mwembamba usiokoma, kama mbu aliyenasa ndani ya fuvu. Na nyundo za safu, zile alizolala nazo usingizi kwa miaka thelathini na moja, zikamtoa machozi mbele ya vijana.

Hapo ndipo alipoanza pamba, na wenzake wakaanza utani.

"Kiziwi namjua," alisema jirani yake wa kibanda, fundi mwembamba aliyeitwa Msumari. "Shangazi yangu ni kiziwi. Lakini mtu wa kusikia mpaka anaumwa, hiyo ni mpya. Hebu tega sikio, Mzee. Mke wangu ananisemaje huko nyumbani?"

"Anasema umechelewa kuleta unga," alijibu mwingine.

Safu nzima ilicheka, na kwa kuwa ni mafundi bati walicheka na kwa nyundo pia. Mzee Pamba alicheka pia, ameshika fuawe kwa mikono miwili asianguke. Mwezi uliofuata alihamishia vifaa vyake nyumbani. Sasa alitengeneza faneli tu, kazi ya mkasi na kukunja, na palipohitaji kugonga aligonga kwa kipande cha mti kilichovishwa mpira. Msumari alipita kila Jumapili jioni kuzichukua na kuzipeleka sokoni. Jina la Mzee Mshono lilibaki kule kwenye safu.

Alikwenda hospitali kubwa pia. Mama mpima masikio alimketisha kwenye chumba kidogo chenye kuta nene, chumba ambacho Mzee Pamba angekubali kuhamia siku hiyohiyo, akampigia sauti moja moja, akaandika.

"Baba, watu wanaletwa hapa kwa kutosikia," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe umeletwa na kusikia. Masikio yako hayajaharibika sana. Kilichoharibika ni kile kitufe cha kupunguza sauti. Na hizi pamba unazoshindilia kutwa, ndizo zinazokizungusha juu. Ubongo ukikosa sauti unaongeza mwenyewe, unatafuta. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"Basi anza na sauti ndogo unayoiweza. Ndogo kabisa. Kila siku, pamba zimetoka. Ukiizoea, ongeza kidogo. Usiruke. Panapo kelele kubwa kweli, ziba, lakini si kutwa."

Alimwandikia maneno hayo kwenye karatasi. Mzee Pamba aliikunja mara nne akaiweka ndani ya kikombe juu ya kabati, na huko ilikaa miezi minane. Hakuwa amempuuza. Kila asubuhi aliinua mkono kutoa pamba, na kila asubuhi mkono ulirudi mtupu. Mtu aliyewahi kuungua hashauriwi kwa karatasi.

Sasa, kwenye safu kulikuwa na desturi moja ya kazi. Fundi akipata mjukuu wa kwanza, anamtengenezea kayamba la bati kwa mkono wake mwenyewe: kopo dogo la kulingana na ngumi, mpini wa kushika, kingo zimekunjwa mara mbili zisimkate mtoto, na ndani punje za maharage. Halafu kabla halijatoka, linapita kibanda kwa kibanda. Kila fundi analitikisa sikioni, anasema limelia au halijalia. Likilia kwa wote kumi na mmoja, linakwenda kwa mtoto.

Mzee Pamba alilitengeneza la kwake chumbani, kwa siku sita. Alikata bati jipya. Akaliviringisha, akalikunja kingo, akalipitishia lehemu, mshono mwembamba kama uzi wa hariri. Alilisugua kwa mchanga laini na majivu mpaka akauona uso wake humo, umepinda. Kisha akatia maharage ishirini, akalitikisa, akaliangusha kitandani akakaa chini ameziba masikio.

Akapunguza, yakabaki kumi. Halafu matano, halafu matatu. Siku ya sita, pamba zikiwa masikioni na bado anaumia, alitoa hata lile la mwisho. Alilitazama kayamba, zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona pale kwenye safu, akalijaza pamba safi ili lisivume likigongwa, akalifunga. Hakulipitisha kibanda kwa kibanda. Alijiambia: mtoto wa miezi minne anataka cha kung'aa, na cha kung'aa anakipata hapa. Atalitazama, atanyamaza. Akinyamaza nitampakata. Aliyafikiria hayo mpaka yakawa kweli.

Bintiye alifika jua likiwa limefika kwenye mguu wa meza, kama saa nane. Alibisha kwa ukucha, alivyozoea.

"Shikamoo, baba," alinong'ona. Siku hizi alikuwa ananong'ona hata akiwa anafurahi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mlete, mlete."

Mtoto alikuwa macho. Alimtazama babu yake kwa utulivu wa watu wasiojua habari. Mzee Pamba alinyoosha mikono, na bintiye, ambaye alikuwa amejiandaa kwa visingizio, alishtuka.

"Kweli, baba?"

"Kwanza nimpe zawadi yake. Nimemtengenezea mwenyewe."

Alitoa kayamba chini ya mto. Bintiye alikuwa amezaliwa na kukulia kwenye bati. Alijua maana yake kabla hajaambiwa. Alifunika mdomo kwa kiganja.

"Baba! Mpaka umelifanya? Na masikio hayo?" Macho yalimjaa. "Mama angekuwepo aone. Tazama mshono huu. Tazama, wewe kisura, babu amekutengenezea kayamba."

Akalishika mpini, akalitikisa mbele ya mtoto.

Hakuna kitu. Alilitikisa tena. Akaliweka karibu na sikio lake, kama wanavyofanya kwenye safu.

"Umesahau kutia punje?"

"Sikusahau."

"Sasa linalilia wapi?"

"Halilii. Nimelitia pamba." Alisema haraka, kwa sababu uso wa bintiye ulikuwa unabadilika. "Yeye atalitazama tu. Ona linavyong'aa. Atanyamaza nalo, nami nitaweza kumshika."

Bintiye aliliweka kayamba mezani taratibu sana, bila sauti, kama alivyofundishwa na chumba kile.

"Kwa hiyo ndivyo unavyomtaka," alisema. Hakunong'ona tena, wala hakupaza sauti; aliongea tu kama watu wanavyoongea, jambo ambalo hakuwa amelifanya humo ndani kwa mwaka mzima. "Ang'ae, asilie. Angekuwa bati ungempenda."

"Mwanangu, siyo—"

"Mimi nimemzoesha mlango wa kubishwa kwa ukucha, nimemzoesha kunong'onewa, mume wangu anasema mtoto atakuwa kama mwizi. Nimekubali. Kwamba unaumwa nimekubali, wengine wakisema unajidai mimi nawajibu. Lakini hiki? Kila mjukuu wa safu ana kayamba linalolia. Wa kwangu apewe bubu?"

Mtoto, kwa kusikia sauti ya mama yake imebadilika, alikunja uso. Mdomo wa chini ulitoka nje, ukatetemeka. Kisha akalia.

Mzee Pamba alikuwa ameshanyoosha mikono. Alitaka kuiacha palepale ilipo. Mikono yenyewe ndiyo iliyopanda, yote miwili, ikafunika masikio juu ya pamba, naye akakaa kitandani amefumba macho. Alipoyafumbua mlango ulikuwa umeshafungwa. Bintiye aliufunga kwa upole, komeo kwenye kitambaa. Upole huo ndio uliomuuma.

Kayamba lilibaki mezani.

Alikaa hivyo mpaka mstari wa jua ukapanda ukutani na kufifia. Msumari alipokuja kuchukua faneli alimkuta hajawasha taa wala hajala. Msumari hakuwa mtu wa kunong'ona, lakini alikuwa amejifunza kuvua viatu mlangoni.

"Mzee, umefiwa?"

"Bado."

"Sasa mbona umekaa kama..." Hapo akaliona kayamba. Uso wote ulimfunguka. "Alaa! Kumbe mzigo ulikuwa tayari, umetuficha! Safu nzima tunasubiri miezi mitano, tumeanza kusema labda mjukuu ni wa kukodi." Alilinyakua, akalitikisa sikioni. Alingoja. Akalitikisa tena, upande wa pili.

Mzee Pamba alijiandaa kwa kicheko. Hakikuja. Msumari alikaa kwenye kiti chenye miguu ya mpira, akaligeuzageuza kayamba, akapitisha kidole gumba juu ya mshono.

"Mshono ni ule ule," alisema. "Mimi nikifa bado sitauweza. Lakini hili ni kopo, Mzee. Siwezi kukudanganya."

"Najua."

"Ameliona?"

"Ameliona. Ameliacha."

Msumari alivuta pumzi. "La mjukuu wangu nilitia punje arobaini, mama yake akalitupa juu ya paa. Mpaka leo mvua ikinyesha tunalisikia." Alijicheka kidogo. "Hukuweza hata moja?"

"Nini?"

"Punje. Hata moja tu. Lisiseme maneno mengi. Liseme hodi tu basi."

Msumari alipanga faneli zake ndani ya gunia, akatenganisha kila moja kwa gazeti zisigongane, kazi iliyomchukua muda mrefu, kisha akavaa viatu nje.

Mzee Pamba alilala na nguo zake. Bati la jirani lilisema ta mara kadhaa, upepo ukaisha.

Asubuhi ya Jumatatu ilikuwa na jua tangu mapema. Alishusha kikombe juu ya kabati, akakunjua karatasi, akaisoma yote, akaiweka mezani akaikandamiza kwa koleo. Aliwasha makaa, akapasha chuma cha lehemu, akaufungua mshono wake mwenyewe upana wa ncha ya kidole. Kuufungua kulimkera kuliko alivyotarajia. Alivuta pamba ile yote kwa kibano, ikatoka ndefu kama utumbo wa kuku. Maharage hakuyagusa. Alitafuta kwenye mfuko wa nafaka mpaka akapata punje moja ya mtama, ndogo, akaidondosha ndani, akaziba.

Kisha akatoa pamba ya sikio la kushoto. Akasikia makaa yakipasuka, akasikia ndala za mtu uani, akasikia pumzi yake. Alishika ukingo wa meza kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaliinamisha kayamba, hakulitikisa, aliliinamisha tu. Punje ilitembea upande mmoja mpaka mwingine. Alingoja maumivu. Yalikuja, madogo, yakasimama mlangoni hayakuingia. Akaliinamisha tena. Alifanya hivyo mara saba.

Nyumba ya bintiye ilikuwa mitaa mitatu mbele. Alitembea sikio la kulia limezibwa na la kushoto liko wazi, kiganja tayari begani kwa ajili ya pikipiki, na pikipiki mbili zilipita, na ya pili ilimfanya asimame ukutani muda mrefu. Alifika wakati mtoto anaogeshwa. Alijua, kwa sababu alimsikia kuanzia kwenye kona.

Hakubisha. Aliinamisha kayamba mbele ya mlango. Ni wazi kwamba hakuna aliyesikia; hata yeye hakusikia, kwa kilio kile. Akabisha kwa kidole.

Bintiye alifungua akiwa na povu mpaka kwenye viwiko, mtoto amemlaza mkekani kando ya beseni. Alimtazama baba yake, akalitazama sikio la kushoto.

"Baba. Anaoga. Atalia mpaka nimalize."

"Najua. Usimnyamazishe."

"Utaweza?"

"Sijui."

Alimnyooshea kayamba. Bintiye alijikausha mkono mmoja kwenye kanga, akalipokea, akalipeleka sikioni. Ilibidi atoke nje na kuufunga mlango nyuma yake ili asikie. Aliingia, akarudi na kigoda, akakiweka kizingitini, akauacha mlango wazi, akarudi kwenye beseni.

Mzee Pamba alikaa. Kilio kilikuja chote. Aliweka mikono magotini, akaanza kuhesabu, na alipofika kumi na moja alitia pamba. Akapumzika. Akaitoa, akaanza tena kutoka moja.